Mashamba ya Watu Huru wa Frere Town

Msafiri atokaye kisiwa cha Mombasa kwa daraja la Nyali hufika penye njia panda iitwayo Kengeleni. Jina hilo latokana na kengele iliyotundikwa katika mnara mdogo kando ya barabara. Siku hizi mahali hapo ni mtaa wa mji, wenye maduka na magari mengi. Lakini zamani palikuwa mashamba, yaliyolimwa na watu waliotolewa utumwani chini ya ulinzi wa kanisa. Yafaa tuzijue habari zao, kwa maana zatuonyesha kwamba kumkata mtu minyororo ni mwanzo tu wa kumfanya awe huru.

Tarehe 5 Juni 1873, Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, alitia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko yao. Kabla ya hapo Sir Bartle Frere alikuwa ametumwa na serikali ya Uingereza kuutaka mkataba huo. Lakini kila jahazi lililokamatwa na manowari lilileta swali jipya: watu hawa wapelekwe wapi? Wengi walikuwa wametekwa mbali sana, pande za Ziwa Nyasa, na wengi walikuwa watoto. Kuwarudisha makwao kwa njia ile ile waliyoletwa kulikuwa sawa na kuwarudisha kwa wawindaji wao. Kwa miaka mingi baadhi ya waliookolewa walikuwa wakipelekwa Bara Hindi, wakalelewa Sharanpur karibu na mji wa Nasik. Frere aliona ni afadhali wakae Afrika, wapate ardhi ya kulima.

Shauri hilo halikuwa geni. Wamisionari Wakatoliki walikuwa na kijiji cha namna hiyo Bagamoyo tangu mwaka 1868, na huko Unguja misheni ya Kiingereza ilikuwa na shamba la Mbweni. Basi chama cha misheni cha C.M.S. kilimtuma Padre William Salter Price, aliyekuwa msimamizi huko Sharanpur. Alifika Mombasa mwaka 1874, na mwaka uliofuata akanunua ardhi Kisauni, ng'ambo ya kisiwa. Makao hayo yakaitwa Frere Town. Baadhi ya Waafrika waliolelewa Bara Hindi walikuja kusaidia. Miongoni mwao walikuwa William Jones na Ishmael Semler, ambao mwaka 1885 walifanywa mashemasi na Askofu Hannington.

Sasa hebu tufikiri kazi yenyewe ilivyokuwa. Watu wanashuka pwani hawana jembe, hawana mbegu wala sufuria, na wengine ni wagonjwa. Kila mkulima wa pwani ajua kwamba mahindi yahitaji miezi mitatu au minne, tena mvua ije kwa wakati wake. Muhogo hukaa karibu mwaka mzima ardhini, na mnazi hungojewa miaka sita au zaidi. Kwa hiyo hapakuwa na njia ila misheni iwalishe kwanza, huku wakifyeka msitu, wakijenga vibanda na kutayarisha makonde. Waliokuja nyuma walikula kwa jasho la waliotangulia na kwa sadaka zilizotoka Uingereza. Mbolea ya viwandani haikuwako. Rutuba ya udongo ilitoka katika majani yaliyooza, samadi na majivu. Watu wa makabila mbalimbali, wasiojua lugha moja, waliunganishwa na Kiswahili, jembe na sala.

Usalama nao ulikuwa haba. Mkataba ulikataza biashara ya baharini na masoko ya watumwa tu. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali katika mashamba ya Mombasa. Wenye watumwa waliiona Frere Town kuwa kimbilio la watoro, wakaichukia. Ndiyo sababu kengele ile ilikuwa na kazi mbili: kuwaita watu kanisani, na kuwaonya hatari ikikaribia.

Hata ndani ya makao mambo hayakuwa mema sikuzote. Msimamizi mmoja, Bwana Streeter, aliwaadhibu watu kwa viboko, hata habari zikafika Uingereza, na Padre Price akarudi kutengeneza mambo. Aliyepigwa jana na bwana wake, akapigwa leo na mfadhili wake, angeujuaje uhuru?

Huko Rabai, kituo kingine cha C.M.S., watoro walizidi kuingia na kulima. Mwishoni mwa mwaka 1888, George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki aliwalipa mabwana fidia ya watoro zaidi ya 1,400 waliokaa katika vituo vya misheni, wakapewa hati za uhuru. Sheria ya kuufuta utumwa katika pwani ya Kenya ilikuja mwaka 1907 tu.

Lakini hati ya uhuru si hati ya shamba. Ardhi ya Frere Town ilinunuliwa na misheni, ikabaki mali ya misheni. Aliyelima alikula mavuno yake, wala hakuwa mwenye konde. Maadamu watu walikuwa wachache, neno hilo halikuonekana zito. Lakini mji ulipopanuka na bei ya ardhi ikapanda, wazao wao waliona uchungu wake. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Hata hivyo tusiidharau kazi iliyofanyika. Watu waliohesabiwa kuwa bidhaa walipanda, wakavuna, wakaoa na kusomesha watoto. James Mbotela, mwana wa mmoja wa watu hao, aliiandika habari yao katika kitabu cha Uhuru wa Watumwa, kilichotolewa mwaka 1934. Shule ya uchungaji iliyoanzishwa Frere Town mwaka 1903 ilihamia Limuru mwaka 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's.

Yapo makanisa na vyama vingi vinavyoanzisha mashamba ya jumuiya na kugawa mavuno kwa wenye haja. Ni kazi njema. Lakini historia ya Kisauni yatufundisha kuuliza maswali mawili mapema: mavuno yatagawanywaje, na ardhi ni ya nani? Swali la kwanza hujibiwa kila msimu wa mavuno. La pili, lisipojibiwa mwanzoni, huwangojea wajukuu.