Dhahabu za Gigi Fernández ni za nani?

Nilipotea kidogo, ilikuwa wiki ya test na semina. Leo naweka kando mambo ya ualimu, tuongee historia ya tenisi. Usikimbie, kuna siasa ndani yake.

Puerto Rico ni kisiwa cha Karibi ambacho Marekani ilikichukua kwa Wahispania mwaka 1898. Tangu 1917 watu wake ni raia wa Marekani, ila wakiwa kisiwani hawampigii kura rais. Kwenye michezo lakini wana kamati yao ya Olimpiki, tangu 1948 wanashiriki kama timu yao wenyewe, na siku hizi wanaingia uwanjani na bendera yao. Ndiyo maana bendera hiyo kwao si kitambaa tu.

Gigi Fernández alizaliwa San Juan mwaka 1964. Akaenda Marekani kusoma chuo cha Clemson, akafika fainali ya mashindano ya vyuo vikuu 1983, akaacha shule akawa mchezaji wa kulipwa. (Shahada yake alikuja kuipata 2003, kwa hiyo wenye carry msikate tamaa.) Peke yake hakuwa mbaya, 1994 alifika nusu fainali Wimbledon. Ila mchezo wa wawili wawili ndio alikuwa moto: mataji 17 ya Grand Slam, 14 kati yake akiwa na Natasha Zvereva wa Belarus.

Sasa ugomvi. Kwenye Olimpiki mwenzako lazima awe wa nchi yako, Zvereva hakuwezekana. Gigi mwanzoni aliichezea Puerto Rico, lakini Barcelona 1992 alivaa jezi ya Marekani, akacheza na Mary Joe Fernández. Hawa si ndugu, jina tu. Mary Joe naye ni mzaliwa wa Karibi, Jamhuri ya Dominika. Fainali wakawafunga Wahispania Arantxa Sánchez Vicario na Conchita Martínez, tena kwao. Atlanta 1996 wakarudia. Dhahabu mbili, zote zikaandikwa Marekani.

Nyumbani wapo waliomwita msaliti. Mimi nasema wamemwonea. Kisiwa hakikuwa na mchezaji wa pili wa kiwango chake, na raketi mbili haziwezi kushikwa na mtu mmoja. Lakini uchungu wao naulewa pia: kwenye jedwali la Olimpiki, Puerto Rico iliendelea kusoma sifuri ya dhahabu miaka 20 zaidi.

Sifuri hiyo aliifuta Mónica Puig, Rio 2016. Dada huyu alikuwa namba 34 duniani, hakuna aliyempa nafasi. Akamchapa Muguruza 6-1, 6-1, akamtoa Kvitová, na fainali akamfunga Angelique Kerber, aliyekuwa namba 2, kwa 6-4, 4-6, 6-1. Ukilinganisha, Puig ana taji moja tu la WTA, la Strasbourg 2014, na majeraha yakamstaafisha 2022. Kwa mataji hamfikii Gigi hata robo. Kwa kisiwa, wimbo wao ulipigwa kwa ajili yake.

Mwenzangu wa chumbani ni wa Unguja, nilipomsimulia akaruka kitandani. Akanikumbusha Zanzibar ilivyopokewa CAF Machi 2017, ikatolewa Julai mwaka huohuo. Olimpiki wanakwenda kama Tanzania. "Gigi alikuwa na jezi mbili za kuchagua," akaniambia, "sisi hata ya kumlaumu mtu hatuna." Tukabishana mpaka saa nane usiku na sikumshinda.

Na kuna kichekesho. Dhahabu ya pili ya Puerto Rico, mbio za kuruka viunzi mita 100, Tokyo 2021, ililetwa na Jasmine Camacho-Quinn. Kazaliwa South Carolina, Marekani, mama yake ndiye Mpuerto Rico. Naye alikuwa na jezi mbili mezani.

Haya, nawahi msosi kabla foleni haijafika mlangoni. Maoni yenu hapo chini.