Semei Kakungulu, Jemadari Asiye na Hati

Askari apitaye barabara ya Lumino kwenda Majanji hukanyaga nchi iliyoitwa zamani Bukedi. Jina hilo hawakujiita Wasamia wala Wateso. Walipewa na Waganda, nalo halikuwa la heshima. Wala aliyeanza kuitia nchi hiyo mkononi mwa Waingereza hakuwa Mwingereza.

Semei Kakungulu alizaliwa Koki karibu na mwaka 1869. Alimwindia Kabaka Mwanga ndovu, kisha akawa jemadari wa Waprotestanti katika vita vya dini vya Buganda. Hakupatana na Katikiro Apolo Kagwa, akahamia Bugerere. Mwezi wa Aprili 1899 yeye na Luteni Kanali Evatt waliwakamata huko Lango wafalme wawili kwa pamoja: Kabalega wa Bunyoro, na Mwanga yule yule aliyekuwa bwana wake. Wote wawili walihamishiwa Shelisheli.

Baada ya kazi hiyo aliachiwa njia ya mashariki. Alijenga ngome moja baada ya nyingine mpaka Budaka, akapanda migomba, akafyeka barabara, akajiita Kabaka wa Bukedi. Wafuasi wake walipata ujira wao katika ardhi na ng'ombe za wenyeji. Wapo wamsifuo kuwa ndiye mjenzi wa Mbale, na ni kweli. Lakini mwenye zizi lililofagiliwa alikuwa na hesabu yake nyingine.

Kakungulu aliamini kwamba Sir Harry Johnston alikwisha kumwahidi ufalme. Hati hakuwa nayo. Mwaka 1902 Waingereza waliitwaa Budaka, naye akapewa maili 20 za mraba huko Mbale. Mwaka huo huo jimbo la mashariki la Uganda lilitiwa katika himaya iliyokuja kuwa Kenya, na Wasamia wakajikuta ndugu kwa ndugu wako pande mbili za mpaka.

Kuanzia 1906 hadi 1913 alikuwa rais wa Lukiko la Busoga, baraza la machifu. Cheo kikubwa, bali juu yake alikaa ofisa wa Kiingereza. Huko nyuma Bukedi mawakala wa Kiganda waliendelea kutawala bila yeye.

Aliporudi Mbale aliingia dhehebu la Wamalaki, waliokataa dawa za hospitali. Mwaka 1919 alitahiriwa, akafuata dini ya Kiyahudi. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928. Waumini wake, Abayudaya, wangali wanasali katika vilima vya kando ya Mbale.