Kidude kilichoukosesha raha uwanja wa ndege

Mwishoni mwa 2009, Uwanja wa Ndege wa Newark, jimbo la New Jersey nchini Marekani, ulifungiwa mtambo mpya wa kusaidia ndege kutua. Vipokezi vyake vimesimikwa ardhini, mahali palipopimwa kwa usahihi mkubwa. Vinasikiliza GPS, vinabaini imekosea kiasi gani, na masahihisho yanarushwa kwa redio hadi kwa rubani.

Haukupita muda, mtambo ukaanza kusumbua. Unapoteza setilaiti kwa muda mfupi, unazipata tena. Baadaye tena.

Ilichukua miezi kumpata mchawi, kumbe alikuwa akipita pale pale nje. Pembeni mwa uwanja kuna barabara kuu ya New Jersey Turnpike, yenye malori usiku na mchana. Baadhi ya madereva walichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara kidude cha bei poa kinachopiga kelele kwenye masafa ya GPS, ili bosi asijue gari liko wapi. Anayewajua madereva wa magari ya kampuni hatashangaa.

Setilaiti za GPS ziko juu kiasi cha kilomita 20,200. Mawimbi yake ya megahezi 1575.42 yakifika ardhini ni hafifu kuliko hata kelele ya ndani ya kipokezi chenyewe. Kidude cha kwenye gari kiko mita mia kadhaa tu. Hata kikiwa kidogo namna gani, kinayameza.

Kugundua kwamba kuna fujo si kazi ngumu: kelele zinapanda ghafla na setilaiti zote zinafifia kwa pamoja, jambo ambalo wingu wala jengo halifanyi. Shida ni kumnasa mhusika. Hadi fundi ainue kichwa, lori limeshapita, na nyuma yake yanakuja mengine ishirini. Inabidi kukaa kando ya njia na antena inayoonyesha mawimbi yanatoka upande gani, na kungoja.

Agosti 2012, ofisa wa FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, alifuata mawimbi ya namna hiyo pale Newark yakamfikisha kwenye pikapu nyekundu aina ya Ford F-150. Gari lilikuwa la mwajiri. Dereva alikiri, akakabidhi kidude chake mwenyewe. Mwaka uliofuata tume ilitangaza kusudio la kumtoza dola 31,875, na kazi nayo hakuwa nayo tena.