Marubani vijana na kishawishi cha ndege kubwa

KIJANA anayehitimu mafunzo ya urubani hukabiliwa na uamuzi utakaomfuata hadi siku ya kustaafu kwake, nao ni wapi aanzie kazi.

Wengi huchagua kwa macho. Hutazama ukubwa wa ndege, umaarufu wa jina lililoandikwa ubavuni na fahari ya sare. Kisha husaini mkataba bila kuuliza hali ya fedha ya kampuni, ubora wa mafunzo yake, wala miaka watakayokaa katika kiti cha rubani msaidizi kabla ya kupewa unahodha.

Marekani, ambako kampuni nyingi za ndege zimezaliwa na kufa mbele ya macho ya umma, ndiko gharama ya uchaguzi wa aina hiyo inakoonekana waziwazi.

Namba isiyohamishika

Katika kampuni nyingi za nchi hiyo, maisha ya rubani huongozwa na orodha ya ukongwe kazini. Siku anayoajiriwa hupewa namba, na namba hiyo ndiyo huamua ataruka ndege gani, ataishi karibu na kiwanja kipi, atapumzika sikukuu zipi na lini atakuwa nahodha. Kampuni inapopunguza wafanyakazi, wa mwisho kuajiriwa ndiye wa kwanza kuondoka.

Namba hiyo haihamishiki. Rubani mwenye uzoefu wa miaka 20 akihamia kampuni nyingine huanzia mkiani, nyuma ya kijana aliyeajiriwa wiki moja kabla yake. Ndiyo maana kosa la mwanzo halisahihishwi kwa urahisi kama ilivyo katika kazi nyingine.

Wala jina kubwa si kinga. Pan Am, iliyokuwa fahari ya anga ya Marekani kwa miongo kadhaa, ilifunga milango Desemba 4, 1991. TWA ilinunuliwa na American Airlines mwaka 2001, na marubani wake wengi wakajikuta chini kabisa ya orodha ya mwajiri mpya. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11 mwaka huo huo, mahali hapo pakawa mlango wa kutokea.

Zama za jeti ndogo

Kishawishi kilikua zaidi katika miaka ya 1990, zilipoingia sokoni jeti ndogo za abiria 50 hivi, zikiwamo CRJ za Canada na ERJ 145 za Brazil. Kabla ya hapo kampuni za mikoani zilitegemea zaidi ndege za mapangaboi, ambazo vijana wengi waliziona kuwa ngazi ya chini. Kwa jeti, mhitimu aliweza kujiona yuko karibu sawa na nahodha wa Boeing.

Comair, kampuni tanzu ya Delta, ilikuwa miongoni mwa waliotangulia kutumia jeti hizo. Mwaka 2001 marubani wake waligoma kwa siku 89 wakidai masilahi bora. Mwaka 2012 Delta iliifunga, na namba za ukongwe zilizojengwa kwa miaka mingi zikabaki karatasi tupu.

Independence Air nayo ilianza safari zake Juni 2004 kwa nauli nafuu na matumaini makubwa, ikazima injini zake Januari 2006. Skybus ya Columbus, Ohio, haikufikisha hata mwaka mmoja: ilianza Mei 2007, ikafa Aprili 2008.

Hata aliyechagua kampuni imara hakuwa salama kama hakujua majira. Desemba 2007 umri wa kustaafu kwa marubani wa kampuni za ndege uliongezwa kutoka miaka 60 hadi 65. Wazee waliotazamiwa kuondoka wakabaki, na mara ukaja mtikisiko wa uchumi wa mwaka 2008. Vijana walioahidiwa unahodha wa haraka wakasubiri kwa miaka, wakilipa mikopo ya shule kwa mishahara midogo.

Rangi ya ndege si mwajiri

Jambo moja huwapumbaza vijana na abiria kwa pamoja. Ndege nyingi ndogo za Marekani hupakwa rangi za kampuni kubwa ilhali mwajiri wa rubani ni kampuni nyingine kabisa, yenye mishahara yake na mafunzo yake.

Oktoba 14, 2004 marubani wawili wa Pinnacle Airlines walikuwa wakihamisha jeti ya CRJ200 isiyokuwa na abiria. Waliipandisha hadi futi 41,000, kikomo cha juu cha ndege hiyo, kwa ajili ya kujifurahisha tu. Injini zote mbili zilizimika, ndege ikaanguka karibu na Jefferson City, Missouri, nao wakafa. Wachunguzi walibaini kuwa kufika kimo hicho kulikuwa sifa ya kujivunia miongoni mwa baadhi ya marubani wa kampuni hiyo.

Februari 12, 2009 ndege ya Colgan Air, iliyopakwa rangi za Continental, ilianguka karibu na Buffalo, New York. Walikufa watu wote 49 waliokuwamo na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Uchunguzi ulionyesha kuwa mwendo ulipopungua mno na ndege ikatoa onyo, nahodha alivuta usukani badala ya kuusukuma mbele. Ilibainika pia kuwa rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle ili kufika kituo chake cha kazi. Mishahara na uchovu wa marubani wa kampuni ndogo vikawa mjadala wa taifa.

Bunge lilipitisha sheria mwaka 2010, na tangu mwaka 2013 rubani msaidizi wa kampuni ya abiria hutakiwa kwa kawaida kuwa na saa 1,500 za kuruka. Awali, leseni ya biashara, inayohitaji saa 250 hivi, ilitosha.

Kazi zisizo na fahari

Kinyume chake, kazi zinazodharauliwa mara nyingi ndizo zenye kina. FedEx na UPS husafirisha vifurushi, aghalabu usiku, wala hakuna abiria wa kumpigia nahodha makofi. Hata hivyo marubani wake ni miongoni mwa wanaolipwa vizuri zaidi nchini humo.

Hapa Afrika Mashariki, mfano ulio karibu ni Cessna Caravan zinazoruka kutoka Arusha na Wilson, Nairobi, kupeleka watalii Serengeti na Maasai Mara. Ni ndege yenye injini moja, na viwanja vyake ni vya vumbi na nyasi. Lakini rubani wake husoma upepo, hupima uzito, na huamua mwenyewe kutua au kurudi. Uamuzi huo haufundishwi na kiti cha msaidizi peke yake.

Nasi tumeona majina yakizama. East African Airways, iliyokuwa na ndege za Super VC10, ilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya. Jetlink ya Kenya, iliyotumia jeti za CRJ, ilisimamisha safari Novemba 2012. Mwezi huo huo fastjet iliingia Dar es Salaam kwa kishindo. Ilipofika mwisho wa mwaka 2018 safari zake nchini Tanzania zilikuwa zimekoma.

Maswali ya kuuliza

Haya hayana maana kwamba kampuni kubwa ni mtego. Nyingi hulipa vizuri na hudumu. Aidha, hali imebadilika: mwaka 2022, kwa uhaba wa marubani, baadhi ya kampuni ndogo za Marekani zilipandisha mishahara ya wanaoanza kwa kiwango kisichowahi kuonekana. Lakini miaka miwili tu kabla ya hapo, janga la Uviko-19 lilikuwa limezizika Compass, Trans States na ExpressJet.

Kijana mwenye busara huuliza kwanza. Kampuni inalipa mishahara kwa wakati? Nani anagharimia mafunzo ya aina ya ndege, na mkataba unamfunga kwa miaka mingapi? Akiondoka mapema atadaiwa kiasi gani? Manahodha wangapi watastaafu katika miaka kumi ijayo? Kituo cha kazi kiko wapi, na kodi ya nyumba huko italipika kwa mshahara huo?

Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote: baada ya miaka mitatu, atakuwa amejua nini ambacho leo hakijui?

Wahenga walinena kuwa si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Katika urubani, anayelipia kosa la kusahau hilo si kijana peke yake. Hulipia pia mzazi aliyeweka shamba rehani kwa ajili ya ada, na abiria aliyeketi nyuma yake akiamini kuwa mikono iliyoshika usukani imefunzwa vya kutosha.