Mamlaka yasiyo ya serikali: Funzo la kesi ya Ole Njogo

Majirani zangu hapa Kitengela wakisikia nasomea uzamifu katika nadharia ya sheria, huniuliza kama nitakuwa wakili. Sivyo. Ninachochunguza ni mamlaka ambayo watu huyatii ilhali si serikali iliyoyaunda. Mfano bora ninaoujua ni wa Wamaasai wenyewe.

Mwaka wa 1904 Waingereza walifanya mkataba na viongozi wa Wamaasai, akiwemo laibon Olonana. Wamaasai wakatolewa katika malisho ya Bonde la Ufa na kupewa hifadhi mbili: Laikipia, na nyingine kusini mwa reli, iliko Kajiado ya leo. Makubaliano yangedumu maadamu Wamaasai wapo. Yalidumu miaka saba! Mkataba wa 1911 ukawaondoa Laikipia. Basi Ole Njogo na wenzake wakaishtaki serikali katika Mahakama Kuu, Mombasa.

Kesi ikatupwa mwaka wa 1913, na sababu yenyewe ndiyo kioja. Majaji walisema Wamaasai si raia wa Uingereza bali ni wageni walio chini ya ulinzi wake. Kwamba mkataba ule ni wa dola mbili, na mahakama ya kawaida haina uwezo wa kuuamua. Rufaa nayo ikagonga mwamba mwaka uo huo. Eti Wamaasai ni dola! Udola huo haukuwarudishia hata shubiri moja ya Laikipia. Ulitumika kuwafungia mlango tu.

Hebu tutazame maneno. Sisi husema serikali ina 'sheria' nao wazee wana 'mila', kana kwamba la kwanza ni bwana na la pili mtumwa. Yote mawili tuliyapata kwa Waarabu. Daraja tumeliweka wenyewe, tukimfuata John Austin, aliyeshikilia kuwa sheria ni amri ya mtawala. Mwaka wa 1973 Sally Falk Moore, aliyewachunguza Wachaga wa Kilimanjaro, alionyesha kuwa jamii ndogondogo ndani ya dola hujitungia kanuni na kuzitekeleza, ingawa sheria ya nje huzipenyeza mkono.

Mkono huo tumeuona hapa. Sheria ya 1968 ilileta ranchi za vikundi. Ya Kitengela ikagawanywa 1988, kila mwanachama na hatimiliki yake. Leo mwenye hatimiliki huuza ploti yake, wazee wa enkiguena wapende wasipende.

Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inatambua usuluhishi wa jadi, mradi usikiuke Sheria ya Haki wala usichukize haki na maadili. Hicho kigezo cha kuchukiza ni cha mkoloni, na kwangu kinakera. Lakini sitaki kuwapamba wazee. Enkiguena kwa desturi ni baraza la wanaume. Mjane anayenyang'anywa ardhi na shemeji zake ana sababu ya kupanda matatu hadi mahakama ya Kajiado, na hoja yangu yote ya tasnifu inabidi impe jibu yeye kwanza.