Kiingereza cha Sokoni, Kiingereza cha Fomu

Mokambo, mpakani mwa mkoa wa Haut-Katanga wa Kongo na Zambia, Kiingereza hakimngojei mwalimu. Shule ni ya Kifaransa. Kiingereza watu hukiokota kwa madereva wa malori na wauza salaula, yaani mitumba, wa upande wa Mufulira, ng’ambo ya mpaka, kikiwa kimeshikana na Kibemba. Dar es Salaam ni kinyume. Kule Kiingereza ni cha darasa la sekondari na mtihani, mtaa wote ukiwa wa Kiswahili, kwa hiyo kijana hukizungumza kama anayesoma kitabu.

Kila mmoja ana pengo lake. Wa Mokambo amezoea kuitwa “boss” na makondakta, basi naye humwita hivyo afisa wa uhamiaji, aliyekalia mihuri. Mzambia mwenyewe hathubutu: dirishani husema “sir”, na mkubwa wake humtanguliza kwa “ba”, ba Mwansa, hata sentensi nzima ikiwa ya Kiingereza. Wa Dar naye akiuliza bei ya shati kwa sentensi ndefu zenye adabu zote, muuzaji anajua papo hapo kuwa huyu mgeni, na bei inapanda.

Je, lugha ya mtaa ni duni? Migodi inajibu vizuri kuliko shule. Kwenye Copperbelt ya Zambia wazungu waliwaamuru wafanyakazi kwa Chilapalapa, lugha iliyorahisishwa ya migodini, na baada ya uhuru wa 1964 Wazambia wengi waliiona kuwa ni tusi. Katanga, Kiswahili kilichorahisishwa kilitumika vilevile kwenye kambi za kampuni ya migodi ya Union Minière, lakini chenyewe kikaingia nyumbani, kikalea watoto, na mwaka 1965 André Yav akakitumia kuandika historia ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Lugha mbili za kazini, tabia zinazokaribiana. Moja ilibaki ya bwana kwa mtumishi, nyingine ikawa ya majirani.

Hapo ndipo ninapoegemea. Simwambii mwanafunzi aikimbie lugha ya mtaa. Aisikilize mapema sana, ila asubiri wenyewe wamzungumzishe nayo kabla ya kuirudisha. Fomu, barua ya kazi na dirisha la ofisi ni mahali pa Kiingereza sanifu, Lusaka na London sawia. Mkatanga hahitaji kufundishwa kipimo hiki: anakijua tangu utotoni, maana Kiswahili cha nyumbani kwake, chenye Kifaransa ndani, sicho Kiswahili bora anachokisikia kanisani, na hakuna anayeona aibu kuwa navyo vyote viwili.

Tatizo jingine ni umbali. Mzambia humwita mtu asiyetulia nyumbani “movious”, neno lililoundwa kwa ustadi, na Mufulira litachekesha. Lakini Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mfanyabiashara wa Mokambo akifika Nairobi nalo, atalazimika kulieleza kwa Kiingereza cha kitabu, kilekile cha kijana wa Dar.