Walalamikaji wa Mombasa, 1939–1955

Karibu kila mahali pa kazi pana mtu anayeitwa mlalamishi, na wakubwa wake huuliza kwanza jinsi ya kumnyamazisha. Historia ya wafanyakazi wa Mombasa wakati wa ukoloni inaonyesha kwamba swali hilo si la kuanza nalo. Lalamiko likirudi mwaka baada ya mwaka, vinywani mwa watu tofauti, chanzo chake ni hali ya kazi kuliko tabia ya mtu. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na mwajiri anayemwondoa msemaji bila kuigusa hali yenyewe huahirisha tu mgogoro.

Serikali ya kikoloni nchini Kenya ilijenga mfumo mzima wa kuzuia manung’uniko. Kwa sheria za kazi zilizoanza 1906, uhusiano wa mwajiri na mfanyakazi uliingizwa katika makosa ya jinai, na kwa kipande, yaani kitambulisho cha mfanyakazi, mtu aliyeacha kazi kabla ya mwajiri kumtilia saini aliweza kufikishwa mahakamani. Hata hivyo malalamiko hayakukoma. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Idara ya Kazi za Umma mjini Mombasa waligoma wakidai nyumba au posho ya nyumba, na mgomo ukaenea hadi bandarini Kilindini. Tume ya Willan iliyochunguza mgomo huo ilikubali kwamba shida ya makazi ilikuwa ya kweli. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia bei zilipanda kuliko mishahara, na 1942 wafanyakazi wa reli nao wakagoma. Mwaka 1945 Kamati ya Phillips ikaeleza kuwa mizizi ya machafuko ilikuwa umaskini na utaratibu wa vibarua wa kutwa. Serikali ilikuwa na maelezo hayo mkononi, lakini tarehe 13 Januari 1947 watu wapatao 15,000 waliacha kazi bandarini, relini, hotelini na majumbani, wakawa wanakutana Kiwanja cha Maskini kwa takriban siku 12.

Wakubwa wa wakati huo walikuwa na jibu: vibarua wangetulia kama wasingechochewa. Ndiyo sababu Chege Kibachia, kiongozi wa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, alikamatwa Agosti 1947 na kupelekwa kizuizini Baringo, alikozuiliwa kwa miaka mingi. Hoja hiyo haisimami mbele ya mfululizo wa matukio. Mgomo wa 1939 ulitokea kabla shirikisho hilo halijakuwepo. Baada ya kiongozi wake kuondolewa, Machi 1955 maelfu ya makuli wa Mombasa waligoma tena, na safari hii Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akasaidia katika mazungumzo yaliyoishia kwa nyongeza ya mshahara. Aliyedaiwa kuwa mchochezi alikuwa mbali, na dai la ujira lilikuwa palepale. Kumfukuza kulikuwa na hasara nyingine pia: serikali ilimwondoa mtu ambaye wafanyakazi walimsikiliza, na ambaye ingeweza kuzungumza naye.

Itasemwa, na ni kweli, kwamba wapo wanaolalamika kwa mazoea, wanaochosha wenzao na kukataa kila suluhisho. Lakini mtu huyo hajulikani kwa kumtazama usoni. Hujulikana pale tu malalamiko yote yanapopewa njia: yaandikwe, yachunguzwe na yajibiwe kwa muda uliowekwa. Baada ya 1955 chama cha makuli kilizidi kupata nguvu, na madai mengi yakaanza kufikishwa mezani kwa majadiliano kati yake na waajiri. Migomo haikuisha, lakini kila upande ulijua wa kuzungumza naye na juu ya jambo gani. Katika utaratibu wa namna hiyo, lalamiko lisilo na msingi hukosa ushahidi na likaanguka lenyewe, na lenye msingi husikika kabla ya kazi kusimama. Anayeanza kwa kumhukumu mlalamikaji huyapoteza yote mawili: hamtambui msumbufu, na wala halioni tatizo. Kwa hiyo wajibu wa kwanza wa kiongozi wa kazi ni kulipima neno lililosemwa. Tabia ya aliyelisema itafuata baadaye, ikiwa bado itahitaji kuzungumziwa.